Duane ikishika mali yako, uko na haki ya kusema

Ku Kasumbalesa, kwenye mupaka wetu na Zambia, wamama na vijana wanavuka na bunga, mafuta na manguo. Kwa komerse ile wanakulisha na kusomesha watoto. Siku moja mutumishi wa duane anasema: «Hii ni frode!» Mifuko inabaki kwake, na mama anarudia nyumbani mikono mitupu akiwaza kama mambo imeisha. Hapana, ndugu, haiyaisha.

Ni kweli, duane (OFIDA ya zamani, tangu 2009 inaitwa DGDA) iko na ruhusa ya kupekua na kushika mali ya magendo. Sheria ya duane ya tarehe 20 Agosti 2010 inaipa kazi ile. Lakini kushika ni jambo moja, kuhukumu ni lingine. Katiba yetu ya 2006, kipengele 19, inasema kila mutu ana haki mambo yake yasikiwe na mwamuzi anayefaa, bila kukawia kupita kiasi. Anaweza kujitetea mwenyewe, ao kuchagua mutetezi. Kipengele 61 kinaongeza: haki ya kujitetea na ya kukata rufaa haiondolewi hata wakati wa hali ya dharura.

Basi, tufanye nini?

Usitukane, usikimbie. Usitoe franga pasipo resi.

Uliza PV, ni kusema karatasi ya kushika mali. Angalia tarehe, mahali, sababu, aina ya mali na hesabu yake. Kama ulikuwa na mifuko 15 na wao wameandika 10, sema pale pale, uombe maneno yako yaandikwe. Chunga kopi yake pamoja na faktire zako.

Kifaransa kinakushinda? Omba wakufasirie mbele ya kutia sahihi.

Duane inaweza pia kukuita kwa mapatano: unalipa amande, mambo inaisha bila tribunali. Kama kweli ulikosa, pengine ni njia nzuri. Lakini kama haukukosa, fikiri kwanza, maana kisha kupatana, ni vigumu kurudi mbele ya mwamuzi.

Na ninyi vijana muliosoma, musiwaache wamama peke yao. Kumusomea mama PV yake polepole, neno kwa neno, ni kazi ya dakika kumi tu. Pengine ndiyo itakayookoa chakula cha nyumba nzima.