Bunduki ya babu si ya kutiwa bomba

Je, msomaji, umewahi kupanda darini kwa marehemu babu ukakuta bunduki kuukuu imefungwa ndani ya gunia? Ukiwa mkazi wa Migori au Homa Bay, jambo hilo lisikushangaze sana. Septemba 1914 majeshi ya Wajerumani yalivuka mpaka kutoka upande wa Tanganyika yakafika Karungu na Kisii, na tarehe 12 mwezi huo Kisii palipiganwa vita vikali. Hata baada ya vita hivyo bunduki ziliendelea kutumika kuwinda, hadi serikali ilipopiga uwindaji marufuku mwaka 1977.

Sasa mtutu umeliwa na kutu. Jirani anakunong'oneza: "Mpelekee fundi atie kibomba ndani, ipige zile risasi ndogo za .22. Itafukuza ngedere shambani." Ngoja kwanza!

Ni kweli hufanyika

Ndani ya mtutu mna mifuo iliyojipinda, inayoifanya risasi izunguke na kwenda moja kwa moja. Joto la baruti huila mifuo hiyo. Fataki za zamani nazo ziliacha chumvi iliyovuta unyevu, na mtutu usiposafishwa ukaoza.

Waingereza walipata dawa. Mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni ya A.G. Parker ya Birmingham ilisifika kwa kazi hii. Mtutu wa raifo ya .303 ulipanuliwa kwa mashine, ukatiwa mrija wa chuma wenye mifuo mipya, ukalehemiwa. Komeo nalo lilibadilishwa, kwa kuwa risasi ya .303 hugongwa katikati ya kitako, ilhali ya .22 hugongwa ukingoni. Askari wakajifunza shabaha kwa gharama ndogo. Huko Birmingham kuna nyumba ya kupima bunduki tangu 1813, ambapo mtutu hujaribiwa kwa baruti kali kuliko kawaida kabla ya mtu kuutia begani.

Bomba la maji halifai

Fundi wetu wa jua kali ana mikono ya ajabu, lakini hana chuma hicho wala nyumba hiyo. Tairi la gari hujazwa upepo wa paundi 30 hivi kwa kila inchi ya mraba. Risasi ya .22, ndogo kama ilivyo, yaweza kufikisha paundi 24,000! Bomba likipasuka au komeo likivuja, vipande na moto humrukia mwenye bunduki usoni. Itakufaa nini shamba lisilo ngedere nawe huna macho?

Tena kuna sheria. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, cheti cha bunduki hupewa mtu. Hakirithiwi pamoja na shamba na ng'ombe. Kuiweka bila cheti ni kosa, na fundi asiyesajiliwa haruhusiwi kuitengeneza. Ukienda nayo bonde la Lambwe, kwenye mbuga ya Ruma, mahali pekee nchini walipobaki korongo wa porini, umeongeza kosa la uwindaji.

Ufanye nini?

Usiisafishe, usiijaribu, wala usiibebe kwenye matatu. Waondoe watoto karibu nayo. Huenda bado ina risasi. Nenda wewe mwenyewe, mikono mitupu, kwa chifu au kituo cha polisi, ueleze ilivyopatikana, waje waichukue. Ukiwa na hofu, mwone wakili kwanza. Hutakuwa wa kwanza: mwaka 2016 serikali iliteketeza bunduki zaidi ya 5,000 huko Ngong.

Ukitaka kumbukumbu ya babu, tundika picha yake ukutani. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na mjukuu hapa, ndugu msomaji, ni wewe.