Gesi Imejaa, AC Haipozi: Pima Nyaya Kabla ya Kununua Sensa

Februari, Dar es Salaam ikiwa kama tanuri, dada mmoja aliniletea salun yake ndogo iliyotoka Japani. AC inapuliza upepo wa moto. Gesi imeshajazwa mara mbili, na mafundi wawili tofauti, na sensa mpya ya presha imefungwa wiki iliyopita. "Fundi, kilichobaki ni kubadilisha kompresa, au siyo?" Nikamwomba asifungue pochi kwanza.

Mashine ya kupimia ilitoa namba P0533. Hapa ndipo pesa za wengi huyeyukia, maana namba hiyo husomwa harakaharaka kuwa sensa imekufa. Haisemi hivyo. Inasema kompyuta ya gari inapokea volti kubwa kupita kiasi kutoka kwenye mzunguko wa sensa ya presha ya AC. Na mzunguko ni mambo mengi: sensa yenyewe, soketi yake, nyaya tatu na kompyuta huko mwisho. Pacha wake, P0532, hulalamikia volti ndogo mno.

Sensa ninayoisema si ile ya kuhesabu watu. Ni kidude cha ukubwa wa kidole gumba kilichofungwa kwenye bomba la presha kubwa, mara nyingi jirani na kondensa, mbele ya rejeta. Waya mmoja huipa volti 5 kutoka kwenye kompyuta, wa pili ni ethi, wa tatu unarudisha taarifa. Presha ikipanda, volti ya taarifa nayo hupanda. Kwenye magari mengi huchezea kati ya 0.5 na 4.5. Presha ikishuka mno, kompyuta hujua gesi imevuja na hukata klachi ya kompresa. Ikipanda mno, hukata pia kabla bomba halijapasuka. Ikiona volti isiyoingia akilini, hukata vilevile kwa tahadhari. Ndiyo maana gari lenye gesi ya kutosha na kompresa nzima linaweza kukutoa jasho.

Sikuanza na nyaya. Nilifunga geji kwanza. Gari lilikuwa limelala kivulini tangu asubuhi, joto nyuzi 30. Gesi ya R134a katika joto hilo hukaa kwenye psi 97 hivi, ilimradi bado kuna gesi ya majimaji ndani. Tuelewane hapo: presha ya gari lililozimwa haikuambii gesi ni gramu ngapi, kwa hiyo fundi anayetazama geji injini ikiwa imezimwa na kutangaza kuwa gesi imejaa anabahatisha. Mimi nilitaka namba ya kulinganisha tu. Geji ilisoma 96. Mashine ya kupimia ikadai presha imezidi 400. Kompresa haizunguki, injini ya baridi, psi 400 zitoke wapi?

Basi nikachomoa soketi ya sensa, nikawasha swichi bila kuwasha injini, nikashika multimeta. Waya wa volti 5 dhidi ya hasi ya betri: 5.0. Safi. Kisha nikaiacha betri, nikapima waya huohuo dhidi ya waya wa ethi ndani ya soketi ileile: karibu sifuri. Umeme unafika lakini hauna njia ya kurudi. Sensa ikikosa ethi, waya wa taarifa huvutwa kuelekea volti 5, na hiyo ndiyo P0533 yetu. Ingekuwa waya wa volti 5 ndio uliokatika, taarifa ingeanguka na tungeiona P0532. Anayepima kwa hasi ya betri peke yake ataapa kuwa nyaya ni nzima.

Ethi niliifuata kwa vidole hadi nyuma ya bampa. Gari liliwahi kugongwa mbele, na aliyelinyoosha aliunga waya kwa kuusokota na kuuzungushia utepe mweusi. Maji ya mvua yaliingia, shaba ikageuka unga wa kijani. Nilikata sehemu iliyooza, nikaunga kwa risasi na kufunika kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Nikafuta namba, nikawasha AC. Klachi ikagonga "tak", na baada ya dakika chache dada akafunga vioo.

Kuna njia ya mkato ambayo naiona gereji nyingi: kuipa klachi umeme wa moja kwa moja ili mteja aondoke akiwa na ubaridi. Kataa. Kompresa inayolazimishwa hivyo haina wa kuizuia gesi inapopungua, na gesi ndiyo inayobeba oili yake. Itajisaga yenyewe ndani, na vumbi la chuma litasambaa hadi kwenye kondensa. Hapo bili haitakuwa ya waya tena.

Sensa ya zamani ilikuwa bado kwenye droo ya dashibodi, imefungwa kwenye gazeti. Kwenye gari hili sensa hukaa juu ya vali, hivyo hutoka bila gesi kumwagika; si magari yote yako hivyo, hakikisha kabla hujafungua. Nikairudisha mahali pake kwa dakika chache ili tuone, injini ikiwa imezimwa na kupoa. Mashine ikasoma psi 97. Nikamwambia aitunze, ni spea nzima.