Oxford, Mississippi: Sherehe Zilizozaliwa na Makatazo

Mji wa Oxford, kaskazini mwa jimbo la Mississippi, una watu wapatao 25,000, na uwanja wa futiboli ya Kimarekani unaochukua zaidi ya 60,000. Kila Jumamosi ambayo timu ya Chuo Kikuu cha Mississippi inacheza nyumbani, kati ya Septemba na Novemba, wageni huwazidi wenyeji kwa mbali. Hoteli hujaa mapema, barabara hufungwa, na mwenye busara hapangi harusi siku hiyo. Wengi wa wageni hao hawana tiketi wala hawaitafuti. Wamekuja kukaa chini ya miti.

Miti yenyewe ni mialoni na magnolia iliyotanda kwenye ekari kama kumi katikati ya chuo, mahali panapoitwa Grove. Jioni ya Ijumaa watu humwagika pale na maturubai, wengi kwa rangi mbili tu, nyekundu na buluu, na usiku mmoja hutosha kuotesha mji mzima wa vitambaa. Asubuhi meza zimetandikwa: kuku wa kukaanga, sandwichi ndogo zilizokatwa kingo, jibini iliyovurugwa na mayonezi na pilipili hoho nyekundu, mayai ya kuchemsha yaliyopasuliwa na kiini chake kukolezwa na kurudishwa. Kwenye baadhi ya maturubai utakuta vinara vya fedha, maua kwenye vyombo vyake na hata taa kubwa ya vioo ikining'inia, kana kwamba ni ukumbi wa bibi mwenye nyumba ya urithi. Wanawake wamevaa magauni, wanaume mashati ya kola na tai, hata jua la Septemba likiwa la kuunguza. Wenyeji hutaniana kwamba timu yao inaweza kushindwa mchezo, lakini karamu hawajawahi kushindwa.

Anayeyaona haya kwa mara ya kwanza hudhani ni mambo ya tangu enzi za mashamba ya pamba. Sivyo. Kula chakula kabla ya mchezo ni desturi ya miaka mingi, lakini zamani watu waliingia Grove na magari yao, wakafungua buti, wakala wamesimama au wameketi kwenye viti vya kukunja. Mvua ikinyesha, magurudumu yaliichimba ardhi ikawa tope na mizizi ya miti ikaumia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 chuo kikapiga marufuku magari. Palikuwa na manung'uniko, kisha watu wakaja kwa miguu na maturubai, na baada ya maturubai zikaja meza, na baada ya meza vinara. Moto nao hauruhusiwi chini ya mialoni, ndiyo maana moshi wa nyama choma unaozoeleka nje ya viwanja vingine vya Kusini hapa haupo, na chakula hutoka jikoni kwa watu kikiwa tayari. Ukiniuliza, umaridadi wote wa Grove ni mtoto wa makatazo hayo mawili.

Kama saa mbili kabla ya mchezo, wachezaji hupita katikati ya umati kwa njia ya matofali, bendi ya matarumbeta ikitangulia, na watoto hunyoosha mikono wapate kuguswa. Hapo ndipo mahali pa familia hasa. Baba aliyesoma hapa miaka ya 1980 huja na mwanawe anayesoma sasa, na babu huwepo kwenye kiti chake, akisimulia enzi za mchezaji Archie Manning, aliyevaa jezi namba 18. Ndani ya chuo magari hayaruhusiwi kuzidi maili 18 kwa saa, kwa heshima ya namba hiyo. Familia hung'ang'ania sehemu ileile mwaka hata mwaka, karibu na mti uleule, ingawa hakuna hati wala urithi unaotambuliwa na sheria. Mwezi Mei watoto haohao huhitimu chini ya miti hiyohiyo. Siku hizi zipo kampuni zinazokusimikia turubai, zikakuletea meza na televisheni, nawe ukaja mikono mitupu. Mimi naona huko ni kununua jasho ambalo lilikuwa nusu ya raha.

Lakini raha hii ina historia inayouma. Tarehe 29 Septemba 1962, wakati wa mapumziko ya mchezo wa timu hii dhidi ya Kentucky mjini Jackson, gavana Ross Barnett aliuhutubia umati uliokuwa ukipeperusha bendera za Shirikisho, ule muungano wa majimbo ya Kusini uliopigania utumwa karne moja kabla. Usiku uliofuata, mbele ya jengo la Lyceum, hatua chache kutoka Grove, ghasia zililipuka kumzuia James Meredith, mwanajeshi wa zamani wa anga, asiwe mwanafunzi wa kwanza Mweusi kusajiliwa. Watu wawili waliuawa, mmoja wao mwandishi wa habari wa Kifaransa, Paul Guihard. Rais Kennedy alituma maelfu ya askari, na tarehe 1 Oktoba Meredith akasajiliwa. Timu ya mwaka ule haikufungwa hata mchezo mmoja.

Bendera zile zilibaki uwanjani kwa miaka 35 mingine. Kuzipiga marufuku moja kwa moja kungeleta kesi ya uhuru wa maoni, kwa hiyo mwaka 1997 chuo kilikataza kuingia uwanjani na fimbo ya aina yoyote, miavuli ikiwemo, kwa sababu za usalama. Bendera isiyo na mti haipepei. Kocha Tommy Tuberville naye aliwasihi mashabiki waziache, maana vijana Weusi aliotaka kuwasajili walikuwa wakiziona. Mwaka 2003 kikaragosi cha mzee wa shamba, Colonel Reb, kiliondolewa. Mwaka 2016 bendi iliacha kupiga "Dixie", wimbo wa enzi za Shirikisho. Mwaka 2020 sanamu ya askari wa Shirikisho ilihamishiwa makaburini. Kila mara walitokea waliosema mila imekufa. Jina la timu, Rebels, yaani waasi, limebaki, na kuna wanaoona hapo kazi haijaisha. Mikono iliyokosa bendera, hata hivyo, imepata kazi nyingine: tangu 2008 mashabiki huweka kiganja kwenye paji la uso kama pezi la papa, ishara iliyoanzishwa na wachezaji wa ulinzi wa timu, akiwemo Tony Fein, askari aliyerudi kutoka Iraki. Papa ndiye kikaragosi cha sasa.

Mpira huohuo uliwahi kuwakutanisha watu pia. Oktoba 1989, Chucky Mullins, mlinzi Mweusi kutoka Alabama, alivunjika shingo akimkabili mchezaji wa Vanderbilt, akapooza. Michango ikamiminika kutoka kwa watu wa rangi zote, wengine wakiwa wameketi jirani na bendera zile. Mullins alirudi darasani kwa kiti cha magurudumu, akafariki Mei 1991. Leo wachezaji hugusa sanamu yake wanapoingia uwanjani.

Futiboli ikiisha, mji haulali. Masika ni ya besiboli, na wanafunzi waliojazana nyuma ya uzio wa kulia hurusha bia juu kila timu yao inapopiga mpira nje ya uwanja. Mwaka 2022 walichukua ubingwa wa vyuo vyote Marekani baada ya kuingia mashindanoni kwa tundu la sindano. Aprili ni Double Decker, tamasha lililoanza 1996 na kupewa jina la basi la ghorofa lililoletwa kutoka Uingereza: muziki, picha, ufinyanzi, vyakula na michezo ya watoto kuzunguka jengo la mahakama. Julai, tangu 1974, huja wasomi wa mwandishi William Faulkner, aliyeishi hapa katika nyumba ya Rowan Oak.

Mwisho wa Novemba, karibu na Sikukuu ya Shukrani, huchezwa mchezo na watani wa jadi wa Starkville, chuo cha Mississippi State. Mwaka 1926 mashabiki wa Oxford, baada ya ushindi, walivamia uwanja wa wenzao wang'oe magoli, wakapokewa kwa viti vya mbao. Ili vurugu zisirudiwe, wanafunzi wa pande mbili waliafikiana kushindania kombe, na kuanzia 1927 mshindi huondoka na yai la dhahabu. Mwaka 2019 Elijah Moore wa Oxford alifunga sekunde nne kabla ya mwisho, akatambaa na kuinua mguu kama mbwa anayekojoa, maana wapinzani huitwa Bulldogs. Mwamuzi aliiadhibu timu yadi 15, mpigaji akakosa pointi ya kusawazisha, wakafungwa 21 kwa 20. Siku chache baadaye kocha Matt Luke alifukuzwa kazi. Moore alirudi msimu uliofuata, akawa mmoja wa wadakaji bora wa nchi nzima.