Kidau cha Chura na Mpini wa Ishango

Mnamo miaka ya 1500, msomi wa Padua, mji wa Italia wenye chuo kikuu tangu 1222, alihitaji vitu vitatu ili aandike: kalamu ya unyoya, kidau cha wino na kikopo cha mchanga wa kukaushia maandishi. Kalamu ilichongwa mpaka ikaisha, ikatupwa. Fahari iliwekwa kwenye kidau. Mafundi kama Andrea Riccio na Severo da Ravenna walikisubu kwa bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, wakakipa umbo la joka, kaa au kiumbe nusu mtu nusu mbuzi.

Kidau cha chura kilikuwa na siri yake. Fundi angeweza kumchukua chura halisi aliyekufa, akamfunika kwa udongo laini, kisha akauchoma. Mwili uligeuka majivu, ukaacha tundu lenye umbo lake. Humo akamimina bronzi ya moto. Ndiyo maana kila kinundu cha ngozi kinahesabika. Mgeni aliyeingia chumbani alijua papo hapo kwamba mwenyeji ni mtu wa vitabu na mwenye fedha.

Kwa msomaji wa Kyavinyonge, mashariki mwa Kongo, kifaa cha kulinganisha kilitoka jirani kabisa. Mwaka 1950, huko Ishango, Mto Semliki unapotoka Ziwa Edouard, Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua mfupa wa takriban sentimita 10 wenye kipande kikali cha jiwe la kwatzi kilichopachikwa nchani, pengine kwa kuchora au kukwaruza. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Leo uko Brussels.

Mfupa huo, yaani mpini, una mikato katika safu tatu. Safu moja ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19; nyingine 11, 21, 19 na 9. Kila moja ya hizo mbili ina jumla ya 60. De Heinzelin aliona hesabu, mtafiti Alexander Marshack akaona kalenda ya mwezi, na wengine wanasema mikato ilizuia mkono usiteleze.

Hapo ndipo vifaa hivi vinapoachana. Chura wa Padua alitengenezwa atazamwe na wageni mezani. Mikato ya Ishango iko pale mkono unaposhika, na mwenye kuutumia mpini ndiye aliyeifikia kwanza. Basi ukikiona kifaa cha kale cha kuandikia, kabla ya kuuliza kiliandika nini, uliza kilipambwa kwa ajili ya macho ya nani.