Ardhi moja, ahadi mbili: Chimbuko la mgogoro wa Waisraeli na Wapalestina

KILA mapigano yanapozuka kati ya Waisraeli na Wapalestina, wapo wanaodai kuwa huo ni ugomvi wa tangu enzi za Isaka na Ishmaeli, usio na dawa. Historia inaonyesha vingine. Mgogoro huu una umri wa karne moja na ushei, na kiini chake ni ardhi moja inayodaiwa na mataifa mawili.

Kuanzia mwaka 1517 hadi Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Palestina ilikuwa chini ya Dola ya Waturuki wa Osmani. Wakazi wake wengi walikuwa Waarabu Waislamu, wakiishi pamoja na Wakristo na Wayahudi wachache.

Mabadiliko yalianzia Ulaya. Wayahudi waliokuwa wakibaguliwa na hata kuuawa, hususan nchini Urusi, walitafuta mahali pa kujitawala. Mwaka 1897, mwandishi wa habari Theodor Herzl aliitisha mjini Basel, Uswisi, mkutano wa kwanza wa Wazayuni, uliodai makao ya Wayahudi Palestina, nchi ya mababu zao.

Afrika Mashariki nayo nusura iingizwe katika suala hilo. Mwaka 1903, Uingereza ilijitolea kuwapa Wazayuni eneo la Uasin Gishu, ambalo sasa liko Kenya, lakini mkutano wao wa mwaka 1905 ulilikataa.

Vita vilipopamba moto, Waingereza walitoa ahadi zilizokinzana. Mwaka 1915, mwakilishi wao nchini Misri, Henry McMahon, alimwahidi Sharifu Hussein wa Makka kwamba wangeunga mkono uhuru wa Waarabu iwapo wangewaasi Waturuki. Baadaye pande hizo zilibishana iwapo Palestina ilihusika.

Novemba 2, 1917, Waziri wa Mambo ya Nje, Arthur Balfour, alitoa tamko la kuunga mkono makao ya taifa la Wayahudi Palestina, bila kuathiri haki za kiraia na za kidini za wakazi wengine. Haki zao za kisiasa hazikutajwa, ingawa wao walikuwa karibu watu 9 katika kila 10.

Mwaka 1922, Shirikisho la Mataifa liliidhinisha udhamini wa Uingereza kwa Palestina, kama lilivyofanya kwa Tanganyika. Wahamiaji wa Kiyahudi waliongezeka, hasa baada ya Hitler kushika madaraka mwaka 1933. Baadhi ya ardhi walizouziwa na wamiliki wakubwa walioishi mbali zilikuwa zikilimwa na wakulima wa Kiarabu, ambao waliondolewa. Hasira za Waarabu zilizaa maasi ya mwaka 1936 hadi 1939.

Baada ya Wanazi kuwaua Wayahudi wapatao milioni 6 Ulaya, Umoja wa Mataifa uliamua, Novemba 29, 1947, kuwa Palestina igawanywe. Wayahudi, waliokuwa karibu theluthi moja ya wakazi, walitengewa zaidi ya nusu ya nchi. Viongozi wao walikubali. Wa Waarabu walikataa.

Israeli ilitangazwa Mei 14, 1948, na siku iliyofuata majeshi ya nchi za Kiarabu yakaingia vitani. Kufikia mwaka 1949, Israeli ilishika takriban asilimia 78 ya nchi, na Wapalestina wapatao 700,000 walikuwa wamekimbia au kufukuzwa. Kile ambacho Waisraeli hukiita vita vya uhuru, Wapalestina hukiita Nakba, yaani maafa.

Mwaka 1967, Israeli iliteka Ukingo wa Magharibi, Jerusalem Mashariki na Ukanda wa Gaza. Makubaliano ya Oslo ya mwaka 1993 yaliahirisha masuala ya mipaka, wakimbizi, makazi ya walowezi na Jerusalem. Yalikuwa bado hayajapatiwa ufumbuzi Hamas iliposhambulia Israeli Oktoba 7, 2023, na vita vikaiangamiza Gaza.

Dini ina nafasi yake, hasa kuhusu Jerusalem. Hata hivyo, masuala hayo yalizaliwa na maamuzi ya wanasiasa, na wanasiasa ndio wanaodaiwa majibu yake.