Mavuno Makubwa Si Lazima Yawe Faida Kubwa

Mkulima wa mahindi anapouliza atie mbolea kiasi gani, swali lake lina maswali mawili ndani yake: kiasi gani kitampa mavuno mengi kuliko yote, na kiasi gani kitamwachia faida kubwa kuliko yote. Majibu hayalingani, na kalkulasi, hesabu ambayo wengi huiaga wanapomaliza shule, ndiyo inayopima tofauti hiyo.

Tuchukue mfano wa kukokotoa. Hekta isiyotiwa mbolea ya kukuzia inatoa kilo 1,500 za mahindi. Ikitiwa kilo N za naitrojeni, mavuno yanakuwa 1,500 + 24N − 0.1N². Alama ile ya kutoa ina sababu zake shambani: mmea ukishashiba naitrojeni, kinachoubana ni maji, fosforasi au mwanga. Kwa hiyo kila kilo inayoongezwa inaleta mahindi machache kuliko iliyotangulia, na kasi ya ongezeko ni 24 − 0.2N. Kasi hiyo inafika sifuri N ikiwa 120, na mavuno yanakuwa kilo 2,940. Wengi huishia hapo. Lakini mbolea inanunuliwa. Ikiwa bei ya kilo moja ya naitrojeni ni sawa na ya kilo 8 za mahindi, inafaa kusimama pale kilo ya mwisho inaporudisha kilo 8 tu za mahindi: 24 − 0.2N = 8, yaani N ni 80. Mfuko wa kilo 50 wa urea una naitrojeni kilo 23, kwa hiyo ni mifuko mitatu na nusu badala ya mitano na ushei. Mavuno yanapungua kwa kilo 160, lakini gharama inapungua kwa thamani ya kilo 320. Tena naitrojeni isiyonyonywa na mizizi hugeuka naitreti ikasombwa na mvua hadi visimani. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita ya maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaokorogewa maziwa kwa maji hayo, kwani naitreti inaweza kuifanya damu yao ishindwe kubeba oksijeni.

Yupo atakayesema kwamba wakulima wetu wanatia mbolea kidogo mno, na ni kweli: mwaka 2006 huko Abuja viongozi wa Afrika walikubaliana matumizi yapande kutoka wastani wa kilo 8 za virutubisho kwa hekta hadi 50. Hesabu hii haiwapingi. Kwa asiyetia kitu, kilo ya kwanza inarudisha karibu kilo 24 za mahindi kwa gharama ya 8; kumnyima huyo mbolea ni kumnyima chakula.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba hakuna aijuaye mvua ya msimu. Hapa mkunjo wenyewe wa grafu ya hesabu hiyo unasaidia, kwa kuwa karibu na kilele cha faida umelala. Anayetia 60 badala ya 80 anapoteza faida ya kilo 40 tu mvua ikinyesha vizuri, na ikigoma ameokoa gharama ya kilo 160. Bei ya mahindi ikishuka hadi kilo ya naitrojeni iwe na thamani ya kilo 12, jibu sahihi ni hizo hizo 60. Ndiyo maana ushauri wa bwana shamba unaotaja idadi ya mifuko bila kugusa bei ya kuuzia haujakamilika.