Mwisho wa Kiangazi Kisiba: Kuvua Samaki Mwenye Mayai Mdomoni

Oktoba ni mwezi mzuri wa kushika ndoano Rungwe. Baridi kali ya Juni hadi Agosti imekwisha, njia ya kuteremka kutoka Tukuyu kwenda Masoko bado ni kavu, na zile mvua zinazoifanya wilaya hii iwe miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania hazijashika kasi. Mgeni mwenye siku zake mbili za mapumziko anajua hivyo, na mwenyeji anajua zaidi. Shida ni kwamba kipindi hichohicho maji ya juu ya ziwa yanaanza kupata joto, na joto ni moja ya mambo yanayowaamsha perege na jamaa zao kuzaa. Mvuvi na samaki wanakutana ufukweni kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa shughuli yake.

Kwingine nchini jambo hili limepatiwa dawa ya kalenda. Mwaka 2024 Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilipumzisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili dagaa na migebuka wazaliane. Kwa ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 600 na nchi nne kandokando yake, amri ya tarehe ni njia inayoeleweka. Katika maziwa madogo ya volkano ya Rungwe, ninavyoamini, mvuvi atapata faida kubwa zaidi akimjua samaki kuliko akiijua tarehe.

Tuanze na Masoko, ambalo wenyeji huliita pia Kisiba. Ni shimo lililochimbwa na mlipuko wa volkano miaka ipatayo 50,000 iliyopita. Upana wake ni kama mita 700 tu, lakini kina kinakaribia mita 40, na hakuna mto unaoingia wala unaotoka. Wengi wanalijua kwa sababu ya boma la Wajerumani lililo juu ya ukingo, na kwa masimulizi kwamba wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani walitupa majini fedha na dhahabu zao. Wanabiolojia wanalijua kwa sababu nyingine. Mwaka 2015 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioongozwa na Milan Malinsky kuhusu samaki wadogo wa humo, wa jenasi ya Astatotilapia, ndugu wa mbali wa furu wa Ziwa Victoria. Ndani ya shimo hili moja wamo wa aina mbili. Wanaokaa karibu na ufuko, penye mwanga, madume yao ni ya manjano na chakula chao ni wadudu wa majini wa kandokando. Wanaokaa chini ya mita 20, kwenye kiza na oksijeni haba, madume yao ni ya buluu, na hula zaidi vijidudu vinavyoelea. Vinasaba vyao vinaonyesha kwamba walianza kuachana takribani miaka 1,000 iliyopita, labda chini ya hapo. Kwa hesabu za mageuzi ya viumbe, hiyo ni jana. Sijui sehemu nyingi duniani ambako mtu anaweza kusimama na fimbo ya kuvulia juu ya spishi inayozaliwa.

Sasa tazama namna wanavyozaa, kwa sababu hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Dume wa perege hutengeneza kisahani mchangani kwenye maji ya kina kifupi, akakilinda na kumwita jike. Jike hutaga, kisha huyakusanya mayai yote kwa mdomo, na kuanzia hapo dume hana kazi tena na watoto. Mama huwabeba peke yake. Huyapindua mayai ndani ya kinywa ili yapate hewa, yanaanguliwa humohumo, na hata vifaranga wakishaanza kuogelea huwarudisha mdomoni akihisi hatari. Furu wa Masoko nao hulea hivyohivyo. Kazi hii huchukua wiki mbili au tatu, na kwa muda wote huo mama hali chochote, au anakula kidogo mno. Koo lake huvimba kwa chini, na mwili unaanza kukonda. Mayai yenyewe si maelfu kwa maelfu kama ya samaki wanaoyamwaga majini na kwenda zao. Ni machache na makubwa, kila moja limegharamiwa, na mama akifa kizazi chote kimekwenda naye.

Mtu asiyekula hashiki chambo. Kwa hiyo ndoano yenye mnyoo, kwa maumbile yake, humpita mama mwenye mayai na kumpata dume au jike asiyelea. Wavu wa makila hauulizi nani ana njaa. Kokoro ni baya zaidi, maana hukwangua mchanga uleule wenye visahani vya madume, na kumtoa mama pamoja na watoto aliowakimbiza kwenye nyasi za ukingoni. Mtu hudhani atarekebisha mambo kwa kumrudisha mama majini. Mara nyingi haiwezekani, kwa sababu samaki huyu akishikwa hutema mayai kwa mshtuko, na mayai yaliyotemwa juu ya mtumbwi hayana wa kuyarudisha. Ndiyo maana nasisitiza chombo cha kuvulia kuliko huruma ya baada ya kuvua. Kwa ziwa la mita 700, mwishoni mwa kiangazi, ndoano inatosha. Ukimpata mwenye koo lililovimba hata hivyo, mfungue akiwa majini bila kumwinua.

Kosa jingine linafanywa kwa nia njema kabisa: kuchukua vifaranga kwenye bwawa la kufugia au ziwa la jirani na kuwapanda pengine ili samaki waongezeke. Kila shimo la Rungwe lina historia yake. Ziwa Kyungululu, kwa mfano, ndiyo makazi ya asili ya perege aitwaye Oreochromis chungruruensis, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1924 na ambaye sasa yumo kwenye orodha ya walio katika hatari kubwa sana ya kutoweka. Perege wa spishi tofauti huzaliana kwa urahisi wakikutana. Sato akiingia kwenye ziwa kama hilo, hana haja ya kumla mwenyeji ili ammalize. Atazaa naye, na baada ya vizazi kadhaa perege wa asili hatakuwepo, ingawa ziwa litaonekana limejaa samaki.

Mvua zinapoanza, hadithi inahamia mitoni. Mbasa wa Ziwa Nyasa, yule ambaye watu wa Kyela humsifia kuliko samaki wote, hupanda mito kutaga mayai kwenye changarawe, penye maji yanayokimbia. Kiwira na Mbaka, mito inayopokea maji ya milima yetu, ni njia zake. Wavu uliotandwa ukingo hadi ukingo karibu na mdomo wa mto huwakamata wazazi kabla hawajataga. Tope linalotoka kwenye mashamba ya miteremkoni nalo hufukia changarawe, na yai lililofunikwa na tope hukosa hewa. Mbasa wa Kyela anategemea msitu wa Rungwe, hata kama mlaji wake hajawahi kuuona.

Na huko msituni kuna uwindaji. Uwindaji wa kitalii una vitalu vyake na msimu wake, unaofunguliwa Julai mosi, lakini Mlima Rungwe si kitalu. Ni hifadhi ya mazingira asilia, na kuwinda humo ni marufuku mwaka mzima. Kinachowinda kimyakimya ni mtego wa waya. Huo nao, kama makila, hauchagui: unategewa nguruwe pori, unamnasa minde, paa adimu asiyepatikana nje ya Tanzania. Kipunji ana mzigo wa ziada, kwa kuwa hushuka kula mahindi na mkulima ana sababu ya kumchukia. Wanasayansi walimfikia tumbili huyu mwaka 2003 baada ya kusikia habari zake kwa wawindaji wa Kinyakyusa, wakamtangaza mwaka 2005, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilipata 1,117 tu, Rungwe-Kitulo na Udzungwa kwa pamoja.

Wawindaji wale walimjua mnyama ambaye vitabu havikuwa naye. Ujuzi wa namna hiyo upo pia kwa wavuvi wa Kisiba: wanajua visahani vya perege vipo upande gani wa ziwa na vinaonekana mwezi gani. Ningependa halmashauri iuandike sasa, ziwa kwa ziwa, na sehemu hizo zifungwe kwa nyavu tangu joto linapoanza hadi vifaranga watawanyike, ndoano ikiachwa huru.